Vénant na Wageni Wasioondoka Mlangoni

Majirani zangu wa hapa Jordbro, huku Uswidi, husema nina chumvi nyingi mdomoni. Basi onjeni hii, kisha mseme.

Baridi ya ndani ya nyumba ya Vénant mwaka ule haikuwa ya mchezo. Sufuria ya maharage ilikuwa ikichemka upande mmoja, upande wa pili imeganda. Paka wao alihamia kwenye friji akatafute joto. Lakini Vénant, dereva wa lori, mzaliwa wa Ngozi kule Burundi, aliipenda nyumba hiyo kama mtu anavyopenda mchumba. Ndiyo ilikuwa nyumba yake ya kwanza yenye udongo mbele. Alipanda lengalenga, ule mchicha wa kwao, na sungura wakija kuzila anawagombeza kwa Kirundi, nao wanakimbia kana kwamba wameelewa.

Mkewe Elise, tunayemwita Mama Queen kwa jina la binti yao, hakuwa na mapenzi hayo. Alikumbuka fleti yao ya zamani ya Hjulsta, ambako joto lilikuja lenyewe kwenye mabomba. Gunilla, mkaguzi wa nishati, alipoipima nyumba inavyotunza joto na kuipa herufi F, Elise alisimama jikoni na koti lake mwilini.

"A ndiyo nzuri, G ndiyo aibu," akasema mbele yetu sote tuliokuja kusali kwao. "Sisi tunanusa aibu. Baba Queen, nimetuandikisha kwenye foleni ya fleti. Mwaka ukigeuka hatujafika D, tunarudi Hjulsta."

"Na lengalenga zangu?"

"Utapanda kwenye ndoo."

Mwanaume akapanda darini. Akatandaza pamba ya kuzuia joto, akaziba madirisha kwa mipira, akafunga pampu mpya ya joto. Siku aliyoshuka, kichwa chake kilikuwa cheupe pepepe kwa pamba; mimi nikamwamkia shikamoo, nikidhani babu yake amefika kutoka Ngozi.

Na bado sakafu ikawa barafu.

Jumamosi moja Gunilla akaja kuangalia kazi inaendaje. Alitukuta tumemaliza sala na chai. Akatazama umeme uliotumika, akatikisa kichwa. Akazunguka na kamera yake inayoona joto, penye moto pekundu, penye baridi buluu. Darini safi. Madirishani safi. Akabaki anajikuna.

Sisi tukainuka twende zetu. Sasa, watu wetu mnawajua. Kuaga ni kitu kimoja, kuondoka ni kingine. Vénant kafungua mlango, sisi mguu mmoja nje na mwingine ndani, ndipo habari zenyewe zikaanza. Anastase, mmoja wetu, akasimulia harusi ya binamu yake tangu mahari. Alipoanza, bibi harusi alikuwa mwali. Alipomaliza, ana wajukuu. Theluji ikaingia, ikavuka korido, ikakaa kwenye kochi.

"Mnafanya nini?" Gunilla akauliza.

"Tunaagana," Vénant akajibu kwa adabu.

"Tangu lini?"

"Ndiyo kwanza tumeanza."

Akatuonyesha kamera. Korido yote buluu hadi jikoni, kama ziwa, na sisi katikati wekundu kama pilipili.

"Kila mgeni ni hivi?"

Queen akamjibu kwa Kiswidi, macho kwenye simu: "Kila mgeni."

"Funga huo mlango!" Elise akapiga kelele.

"Nimfungie mgeni mlango mgongoni, Mama Queen? Watasema nimewafukuza!"

Nilimwonea huruma. Mkono kwenye kitasa, macho kwa mkewe, kisha kwenye bustani yake chini ya theluji, kisha kwetu. Heshima ya wageni huku, nyumba kule.

Béata, mzaliwa wa Ngozi kama yeye, ambaye hana subira, akamcheka. "Wewe Vénant, huku umekuwa mvivu, unasingizia heshima! Mama yako alimsindikiza nani akaishia kizingitini? Si alikuwa anatufikisha njia panda?"

Vénant akavuta koti, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Pa!

"Haya, tembeeni," akasema. "Anastase, ulisema mahari ilikuwa ng'ombe wangapi?"

Akatusindikiza hadi kituo cha treni. Sisi nasi tukaona aibu arudi peke yake, tukamsindikiza hadi langoni kwake. Naye angetuachaje? Tukarudi wote kituoni. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Njia ile tuliikanyaga mpaka theluji ikaogopa kutua, na dereva wa treni akajua kutungoja.

Mwaka ulipogeuka, Gunilla akaja tena, akapiga hesabu zake, akaandika D. Vénant akamkumbatia mpaka miwani ikapinda.

"Na ile foleni ya fleti?" akamuuliza mkewe, sauti ndogo kama ya kifaranga.

Gunilla alikuwa ameinuka kuondoka, naye Elise, ambaye baridi haijapata kumwona barabarani bila sababu, akavaa koti akamfuata. Tukangoja. Chai ikapoa, tukapasha nyingine, nayo ikapoa. Akarudi mashavu yamemwiva, akasimama mlangoni anahema.

"Kumbe huyu mama ana mwana anayeoa Juni! Tumefika kituoni mara mbili. Na kesho, Baba Queen, nawaambia wale wa foleni wampe fleti mtu mwingine. Maana nimemwalika Gunilla Jumapili, na harusi yenyewe, ngoja niwaambie, huyo binti anatoka—"

"Mlango, Mama Queen!" tukapiga ukelele wote.