Nilinunua vifaa vitatu vya kunyoosha swing ya gofu, nikaokolewa na msuli

Wakuu, habari za majukumu. Hili nimekaa nalo wiki nzima, leo nalitoa kama lilivyotokea, hata sehemu ya aibu siifichi.

Mimi ni fundi friji, naishi Ngamiani, na gofu ndiyo ugonjwa wangu. Chekeni tu, hata mama mkwe anacheka.

Klabu yetu ilikuwa inapeleka timu Moshi. Ilibaki nafasi moja, tunaigombea wawili, mechi ya kuamua kati yetu Jumamosi. Safari mbili za nyuma niliachwa, na iliniuma sana.

Tatizo langu ni slice. Nalenga mbele, mpira unakata kwenda kulia kama una miadi huko.

Nikaingia mtandaoni, nikaagiza fimbo nzito ya mazoezi, mkanda wa kufunga mikono, na kidude cha kubana kifundo cha mkono. Vilipofika nikavitumia vyote kwa pamoja. Wakuu, nilikuwa kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Mazoezi nafanyia uani, napiga kwenye wavu chakavu wa samaki alionipa ami yangu wa Moa. Wiki mbili mipira yote inaishia kona ya kulia, ubavuni mwa banda la kuku. Kuku wakaacha kutaga, na mimi nikakata tamaa.

Ijumaa, baada ya swala na pilau, nikavua kanzu nikabaki na msuli kiunoni. Vile vidude nikaviacha ndani kwa hasira. Nikachukua fimbo yangu ya kawaida, nikatanua miguu, nikapiga kwa nguvu zote.

Msuli ukaanguka.

Alhamdulillah, ndani nilikuwa na bukta. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaufunga upya, nikapiga kwa adabu. Miguu nimeisogeza karibu, kiuno nakizungusha badala ya kukisukuma pembeni, maana nikiyumba tu unafunguka. Mpira katikati ya wavu. Wa pili, katikati tena.

"Baba Rehema," mke wangu akasema, "tangu uanze kuogopa kuadhirika, hata kuku wangu wamepumua."

Kumbe kosa lilikuwa miguuni na kiunoni, mimi nahangaika kufunga mikono!

Jumamosi nilivaa suruali, ila kila nikisimama kupiga najiambia kimoyomoyo: msuli, msuli. Mpaka shimo la mwisho mimi na mpinzani wangu tulikuwa sawa. Nikapiga, mpira ukaenda mbele moja kwa moja. Shimo hilo nikalishinda, nafasi nikaipata, na machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Nahodha akaniuliza natumia kifaa gani. Nikamwambia ukweli, akanuna, akidhani namficha.

Funzo langu: kabla hujanunua, mwombe mtu akutazame ukipiga, ujue kosa liko wapi. Vile vidude si vibaya, ila havikuwa dawa ya ugonjwa wangu.

Jana nimeenda Raskazone kwa nahodha kutengeneza friji. Nimemkuta uani, msuli kiunoni, fimbo mkononi, mkewe kaegemea mlango hawezi hata kunikaribisha kwa kicheko.

Haya, aliyewahi kununua kifaa kikamfaa kweli ashushe hapa, na ataje kosa alilokuwa nalo. Mtakaojaribu changu, vaeni bukta.