Kofia za Njano za Kinu cha Pamba

Felisita wa Migato aliajiriwa kuganga majeraha kwenye kinu cha pamba pale Kasoli, na majeraha yenyewe yalikuwa na jina moja tu: robota. Mtu akija na kichwa kimepasuka, robota la pamba limemwangukia. Meno yakitoka, robota. Kumbe marobota yalikuwa yametulia zao ghalani. Aliyepasua watu vichwa ni meneja, Bryson, kwa kipande cha bomba la chuma alichotembea nacho kutwa.

Felisita aliosha damu, akafunga bandeji, akasema robota. Alikuwa mjane mwenye watoto shuleni, na kazi ya mshahara Kasoli haiokotwi barabarani. Wa kulaumiwa ni wale wa makao makuu, Dar es Salaam. Lile bomba walilijua vizuri sana, wakanyamaza kwa sababu Bryson aliwajazia maghala kila msimu.

Kisha ikaja zamu ya Sayi, mpakiaji, mtoto wa dada yake. Alichelewa kufungua geti, basi. Bryson alimpiga akaanguka, akampiga akiwa chini, akaendelea hadi taya likaning'inia na jicho likafumba. Felisita alimkuta akitapika damu juu ya pamba. Walipofika hospitali ya Bariadi daktari akauliza kilichotokea, na Sayi, asiyeweza kufungua mdomo, akamtazama mama yake mdogo amsemee.

"Robota," Felisita akasema.

Sayi akageuzia uso ukutani. Tangu siku hiyo kila Felisita alipokwenda kumwona alikuta kisogo, na moyo ulimuuma kuliko msiba.

Makao makuu walipopata habari walichukua hatua: walileta kofia ngumu za njano, kila mfanyakazi na yake. Watu walielewa haraka. Ghalani, walipofanya kazi chini ya marobota, walizitundika misumarini. Gari la Bryson likipiga honi getini, wote walizivaa.

Harieth, mkuu wa utumishi kutoka Dar, akaja kuzikagua. Alimwita Felisita ofisini, Bryson amekaa pembeni yake, bomba liko mezani. Felisita aliingia na kofia kichwani, kamba ameikaza kidevuni.

"Mama, humu ndani hakuna marobota," Harieth alisema kwa upole. "Vua tu."

"Lililomvunja Sayi taya limekaa hapo pembeni yako, dada. Na wewe unajua."

Bryson alinyanyuka. Bomba lilishuka, kofia ikapasuka, Felisita akaanguka magotini damu ikimtiririka sikioni. Likashuka tena, likamvunja mkono aliojikingia. Harieth alivuta kiti nyuma, damu isimrukie suti.

"Mshukuru Mungu ulikuwa umeivaa," alisema.

Felisita alijiinua kwa kushika meza. Kwa mkono mzima alivua kile kilichobaki cha kofia, akamwekea Harieth mapajani, akatoka.

Hospitali hakukubali kufungwa mkono kabla hajafika wodi ya wanaume. Nesi alimfuata, akamuuliza kilichompata.

"Ni Bryson, meneja wetu," Felisita alisema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Amenipiga mimi, na huyu mtoto ni yeye aliyempiga. Nilidanganya."

Kitandani, Sayi aligeuka taratibu kutoka ukutani, akamtazama kwa jicho moja lililobaki.