Kompyuta Uliyoifunika Kitambaa

Siku niliyofunika kompyuta kwa kitambaa cha mama yangu naikumbuka vizuri, mwanangu, na nisingependa kuikumbuka. Lakini jana mchana niliingia sebuleni nikakuta kompyuta ya nyumba hii imefunikwa vilevile, na wewe umekaa kando unatazama ukuta. Nilipovuta kitambaa, kioo kilijaa matangazo ya kamari na dawa za nguvu za kiume. Ukaniambia imeanza yenyewe. Yenyewe! Hasira ilinipanda na bado haijashuka, kwa hiyo kaa unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, hapa hapa mtaani Dilala, katika nyumba hizi za zamani za kampuni ya mgodi. Kazi yangu ilikuwa kuchapa kwa kompyuta sebuleni kwa wazazi: barua, kadi za harusi, na hasa kazi za wanafunzi za kumaliza chuo. Nilijifunza mwenyewe, nusu nusu, na kichwa kilikuwa kimevimba kweli. Nikataka kadi zangu ziwe na maua mengi kuliko za mtu yeyote mtaani. Nikaona kwenye mtandao programu ya bure ya kupamba kadi, nikabonyeza kitufe kikubwa cha kijani, kisha "Suivant", yaani endelea, "Suivant", "Suivant", bila kusoma hata neno moja.

Maua niliyapata. Kesho yake mtandao ukafungukia ukurasa nisioujua, kila nilichotafuta kikanipeleka kwingine, na wanawake nusu uchi wakaanza kuruka kwenye kioo. Katekista alipokuja kuchapiwa ratiba ya misa, nilitupa kitambaa juu ya kioo nikasema nazuia vumbi. Unacheka? Cheka, lakini kumbuka na wewe ulikuwa unazuia nini jana.

Halafu likatokea onyo jekundu: kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa uisafishe. Nikabonyeza. Mjinga mimi, nilimfungulia mlango mwizi wa pili ili amfukuze wa kwanza! Tangu siku hiyo kila flash iliyochomekwa kwangu ilitoka mgonjwa. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu sikutaka watu waseme Sifa hajui kazi.

Sasa, kulikuwa na Georgette, mwanafunzi wa uuguzi. Kazi yake ya kumaliza chuo aliiandika juu ya kifua kinachowasumbua vijana wachimbaji wa machimbo ya Mutoshi. Aliwafuata mmoja mmoja, wakamwambia magonjwa yao na majina yao, naye akawaahidi kwamba akishachapa atachoma makaratasi. Akayachoma. Kazi yote ilibaki kwenye flash aliyoivaa shingoni kwa kamba. Wanafunzi wa wakati ule hawakuacha nakala kwenye mashine ya mtu, waliogopa kazi zao kuibwa na kuuziwa wengine.

Siku tatu kabla ya kuiwasilisha alikuja tuitoe kwenye karatasi. Aliniachia flash akatoka kununua karatasi. Nilipoichomeka sikuona kazi yake, niliona tu alama zenye vishale, zisizofunguka. Nilitaka akirudi asikute uchafu wangu, basi nikachagua "Formater", neno nililosikia kwamba linaondoa virusi. Kwamba linaondoa na kila kitu kingine, sikujua, wala sikuuliza.

Georgette aliporudi alikuta flash tupu. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia flash yake ilikuja tayari na ubovu. Nilimtazama machoni nikasema hivyo, na hadi leo naona aibu kukueleza.

Aliipeleka kwa Tata Ilunga, fundi umeme mstaafu wa mgodi, ambaye siku hizo alikuwa akitengeneza kompyuta. Jioni ile ile wote wawili walikuwa mlangoni kwetu. Tata Ilunga hakuketi. Alivuta kitambaa, akatazama kioo, akanigeukia.

"Ile kazi ya huyu mutoto ilikuwa mule mu flash, imefichwa tu. Virusi haikuiondoa. Ni weye uliiondoa!"

Akaendelea, na sauti ilisikika hadi kwa majirani.

"Kule mu mine, kama mashini iko mubaya, unakata courant ya umeme, unafunga na cadenas, ile kufuli, unatundika karatasi na jina yako. Jina, juu bantu bajue nani wa kuuliza! Weye uliona mashini inagonjwa, ukaifunika kitambaa. Aibu ni yako, na ni bengine ndio balipe?"

Georgette hakupiga kelele. Alisema tu, "Bale bantu balinipatia majina yabo, Sifa. Mi niliunguza makaratasi juu nilibaahidia."

Alipoteza mwaka mzima. Alirudi Mutoshi kuanza upya, nami nilikwenda naye kumbebea madaftari. Wachimbaji wengine walikuwa wamehamia machimbo mengine. Yule aliyemweleza mengi kuliko wote alikuwa ameshazikwa. Maneno yake yalikuwa mule ndani, na mimi niliyafuta kwa kidole kimoja kwa kuogopa kuonekana mjinga.

Ndiyo maana jana nilifoka. Nawachukia hao wanaotega vitufe vya kijani na maonyo ya uongo, Mungu anisamehe, lakini wao siwafikii. Wewe nakufikia. Tumekwisha kuuzima mtandao. Leo tutafungua orodha ya programu tuondoe zile zisizojulikana, tutoe vikorokoro vilivyojibandika kwenye kivinjari, tukirudishe kama kilivyokuwa, kisha tupekue virusi kwa dawa iliyotoka kwa watengenezaji wake wenyewe. Maneno ya siri utayabadilisha kwa simu yangu. Onyo linalokupigia kelele ulibonyeze, usilibonyeze. Na usifute chochote cha mtu kabla anayejua hajakitazama.

Lakini kwanza utakwenda kwa kila aliyechomeka flash hapa wiki hii. Najua dada yako alichomeka, na kazi yake ya chuo iko humo. Mwambie leo, kabla hajaichomeka kwingine, kabla hajashika hilo neno "Formater" nililolishika mimi.

Mungu akupe mkono mzito wa kubonyeza na mdomo mwepesi wa kusema "ni mimi", na asikuonyeshe kamwe uso kama ule wa Georgette. Nimeondoa kitambaa, mahali pake nimetundika karatasi: "Mashine hii ni mgonjwa, usichomeke kitu. Muulize…" Jina sijaandika. Kalamu hii hapa, mwanangu.