Nilimwambia Akalisafishe

Shida zangu zilianza mwaka 1989, nikiwa na miaka ishirini na sita. Mume wangu alianguka kutoka juu ya lori la ndizi, akafa siku ya pili. Watu wa matanga walikuwa bado hawajatawanyika, mdogo wake akaniita pembeni akaniambia nichague: nirithiwe naye au niondoke. Nilikuwa na binti mmoja mgongoni, mtoto wa kiume sina, na mimi ni Mchaga wa Rombo niliyeolewa Umeruni, Maji ya Chai. Nikamjibu kwamba sirithiwi, mimi si jembe. Kesho yake sufuria zangu zilikuwa barabarani, mvua inanyesha ndani yake. Mkewe ndiye aliyezitoa. Yeye shemeji alisimama mlangoni anachokonoa meno.

“Rudi kwenu Uchagani,” alisema. “Huko nako wakikukataa, barabara ni ndefu.”

Basi nikaondoka, nikaacha kihamba chenye migomba na kahawa, na kaburi la mume wangu ambalo udongo wake ulikuwa haujashuka.

Nimeishia darasa la nne. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na binti yangu alipotaka kunirekebishia nilimnyang'anya karatasi.

Mjini nilipata kazi ya kufagia kwa mfanyabiashara mmoja wa mawe. Wachimbaji walikuwa wanaleta jiwe likiwa limeshikana na mwamba uliolizaa. Mwamba huo sisi tunauita mama. Mafundi wawili walikaa juu ya magunia na nyundo ndogo, wakigonga taratibu mpaka mama adondoke, ibaki rangi tupu inayopitisha mwanga wa tochi. Kazi hiyo inaitwa kusafisha. Dalali wa Arusha akikwambia jiwe lako ni chafu, hazungumzii tope. Anamzungumzia mama.

Mimi nilifagia akina mama. Baadhi walikuwa bado wamebeba vipande vidogo, vyekundu, vya kijani, vya zambarau, visivyofaa kukatwa kuwa pete. “Zoa utupe,” tajiri aliniambia. Nilizoa, sikutupa. Nilivipanga dirishani kwenye chumba nilichopanga Kijenge, na jua la saa mbili asubuhi likivipiga nilikuwa nakaa kitandani navitazama kama mtu anayekula.

Siku moja akaja mzee wa Kizungu, anataka mawe yakiwa na mama zake. Mafundi walicheka mpaka mmoja akapaliwa. “Mzee, hayo anayo mfagiaji!” Walifikiri wananidhihaki. Yule mzee akaja mpaka chumbani kwangu na dereva wake, akakaa chini sakafuni saa nzima. Dereva akanitafsiria: “Anasema jiwe likiwa zima na mama yake lina bei, likivunjwa ni kokoto. Anasema usiligonge kamwe. Yeye kusafisha kwake ni maji na mswaki.”

Alichukua mawe saba. Alinilipa kuliko ufagio ulivyonilipa kwa miezi minne. Tajiri akasikia, akanifukuza. “Umeniibia takataka yangu,” alisema, na hakuwa anatania.

Toka siku hiyo nimeishi kwa mawe ya bei ndogo. Sikugusa tanzanaiti ya pete, hiyo ni vita ya wengine. Nilinunua rubi ya Longido iliyolala kwenye jiwe la kijani, ganeti zilizojaa kwenye mwamba kama harage kwenye makande, fuwele zenye ncha iliyokatika kidogo ambazo dalali anazirusha kando. Nilijifunza kwa kuibiwa. Muuzaji akililamba jiwe kabla ya kukupa, subiri likauke, kwa sababu mate yanaongeza rangi. Likinukia mafuta ya kupikia, mrudishie na umwambie akakaangie vitunguu. Fuwele ikisimama wima mno juu ya mwamba, chokonoa kwenye shina lake kwa sindano, utakuta gundi iliyopakwa vumbi. Na usinunue kivulini. Toka nalo juani, akikukataza kutoka nalo, ondoka bila kuaga.

Nimenunua pia kwa watu wasiojua walichoshika. Sikuwaambia. Mimi nani aliniambia?

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya Jumamosi, shemeji akafika getini kwangu. Alikuwa amezeeka vibaya, kola imemzidi shingo. Tangu msiba hakuwahi kunisalimia, tukikutana sokoni Tengeru alikuwa anageukia nyanya.

“Shikamoo, shemeji.”

Sikumwitikia marahaba. Nilimwacha na shikamoo yake pale mkononi kama mtu aliyeleta mzigo nyumba siyo.

“Sema kilichokuleta.”

Akaniambia. Mkewe aliteleza zizini, nyonga ikavunjika, daktari anataka kumwekea chuma, bila chuma hatatembea tena. Alikuwa na jiwe alilopewa na mchimbaji mmoja zamani, enzi akilinda kule Mirerani. Madalali wawili walikwisha kumwambia ni chafu. Mtu akamwambia kuna bibi Kijenge anayenunua hata machafu, na alipoambiwa ni nani hakulala siku mbili.

“Nikilikosea hili, nauza kihamba,” alisema. “Sina kingine.”

“Kihamba kipi?”

“Shemeji, si unakijua.”

Akafungua sweta la mtoto alilolizungushia. Niliweka kikombe changu chini. Zilikuwa ganeti tatu za kijani, kila moja kubwa kama ukucha wa kidole gumba, kamili pembe zote, zimekaa juu ya kinywe cheusi kinachong'aa kama risasi ya penseli, na pembeni utepe mweupe kama maziwa. Katika maisha yangu sijashika jiwe kama lile. Ningeliuza kwa mteja wangu mmoja wa nje, mke wa shemeji angewekewa chuma, chenji ingebaki, na kihamba kingebaki kwake mpaka afe na wanawe wakigawane.

Nililigeuzageuza. Vidole vyangu vikawa vyeusi. Nikamrudishia.

“Chafu. Kalisafishe kwanza.”

“Nilisafisheje?”

“Si ulikaa Mirerani? Wanasafishaje?”

“Naomba unielekeze, shemeji. Mimi nilikuwa mlinzi tu.”

“Mimi ni darasa la nne. Mwanamume mzima unaomba kuelekezwa na mtu uliyemwonyesha barabara?”

Akalifunga. Alipofika getini akageuka, akaninyooshea lile sweta kama anayeonyesha mtoto. “Hata hili jeusi nitoe?”

Hapo ndipo ningeweza kusema maji na mswaki. Ni maneno matatu. Ninayajua tangu siku yule mzee alipokaa sakafuni kwangu.

“Nimesema safisha,” nikamwambia.

Alirudi siku ya nne. Safari hii alikuwa na furaha, na furaha yake ndiyo iliyonichoma kuliko kitu chochote. Alitoa bahasha ya khaki, akaimimina kwenye sinia langu la kuchagulia mchele. “Nimefanya kwa nyundo ya fundi viatu, polepole, siku mbili. Angalia, shemeji, hakuna hata chembe nyeusi!”

Kwenye sinia kulikuwa na vipande kumi na vinne, vyote vimejaa nyufa, pamoja na unga wa kijani. Hakuna kipande cha kutoa hata kipini cha pua. Nilitaja bei. Ilikuwa bei ya mfuko wa saruji.

“Unatania.”

“Sitaniani na wewe. Utani uliisha 1989.” Kisha nikamwambia lilikuwa na thamani gani likiwa na mama yake. Sikulazimika kumwambia. Nilitaka ajue.

Alikaa chini kwenye ngazi. “Ulijua?”

“Nilijua.”

“Ukaniacha nikagonge.”

“Wewe ndiye uliyeshika nyundo.”

Hakutukana. Alirudisha vipande kwenye bahasha kimoja kimoja, na ule unga akaukusanya kwa kiganja, akanikabidhi sinia likiwa safi. Alipoondoka nililia. Watu wakisoma hapa watafikiri nilimlilia yeye. Nililia jiwe. Limekaa chini ya ardhi tangu kabla ya watu, na mimi nikaliua kwa neno moja ili nimpate mtu mmoja.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akaja na tawi la sale. Asiyejua ajue: kwetu Uchagani na kwao Umeruni, mtu akikuletea sale anaomba msamaha, na sale haikataliwi. Hata aliyeuliwa ndugu anaipokea. Alilishika kwa mikono miwili, ameinama.

“Nisamehe ya zamani,” alisema. “Nisaidie mgonjwa, uniachie kihamba. Nitakulipa kwa kahawa, kwa ndizi, kwa chochote.”

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. “Mama,” alisema, “sale hairudishwi.”

“Nani anairudisha?” nikasema. Nikaipokea. “Nimekusamehe. Kihamba nitakinunua kwa bei ya soko, sitakupunja shilingi. Mgonjwa wako atapata chuma chake kesho kutwa.”

“Huo ndio msamaha?”

“Wewe ulinipa mwingine?”

Tulisaini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili wa ukoo. Mmoja aliniuliza kama siogopi Mungu. Nilimwambia Mungu aliniona barabarani na sufuria, na mzee huyo huyo alipita siku ile na mwavuli. Siku ya kupima, nililipanda lile tawi la sale kwenye kona ya mpaka, kwa sababu sale kazi yake nyingine ndiyo hiyo, kuonyesha cha nani kinaishia wapi. Limeshika vizuri. Shemeji amehamia kwenye chumba cha kupanga karibu na barabara kuu. Mkewe anatembea kwa fimbo, na akipita hapo huwa anatazama migomba, hanitazami mimi.

Wapo wanaosema nimekuwa mbaya. Nilikuwa mzuri kwa miaka ishirini na sita, nikapewa mvua.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Kijenge, ya tofali, imepigwa plasta ndani na nje. Nina kibanda cha kuuzia mawe Kisongo, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kununua moja kila mwezi. Nina kihamba cha Maji ya Chai, migomba yake, mikahawa thelathini na kaburi moja ambalo nimeliwekea marumaru. Nina makabati matatu ya vioo na mawe mia nne na kumi na mawili, yote yana mama zao. Nina tochi tatu. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja ana mimba. Nina tangi la maji la lita elfu mbili. Nina mbwa mmoja, mkali.