Kilo Ishirini za Viazi Hadi Hourquette

“Ukifika juu na baiskeli tupu, unampelekea nani nini?”

Baba aliniuliza hivyo Buffalo, Amerika, kiangazi cha mwaka 2016, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yetu karibu na Grant Street, huku mimi nikihangaika kuingiza baiskeli kwenye boksi. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na jibu la kila kitu. Nikasema, “Baba, ni mazoezi tu.” Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe anakula udongo, ila kwa kiasi.

Kwa wenzangu wa klabu ya baiskeli kule Columbus nilisema naenda milima ya Pirenei, kusini mwa Ufaransa, kwa ajili ya mandhari. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa naenda kumhakiki baba yangu.

Miezi miwili kabla, Jumapili baada ya ibada, wazee walikuwa ukumbini wakinywa chai na kukumbuka barabara za Burundi. Kwa asiyejua: kule vijana hushuka milimani na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli mpaka Bujumbura, halafu hurudi juu wakiwa wameshika lori kwa nyuma, linawavuta. Mzee Bonifasi, jirani yetu, alisimama kutuonyesha alivyokuwa akishika lori kwa mkono mmoja na kula muhogo kwa mkono wa pili.

“Na usukani, Mzee?” nikauliza.

“Usukani wa nini, binti? Lori linajua njia!”

Ndipo Baba akasema, bila kuinua sauti, “Mimi sikushika lori hata siku moja. Nilipanda kwa miguu yangu, gunia la chumvi likiwa nyuma.”

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na ingekuwa heri ningeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa ushahidi. Nikachukua karatasi ya matangazo ya kanisa, nikaigeuza, nikapiga hesabu ya mwinuko, uzito wa gunia na nguvu za kijana anayekula mara moja kwa siku. Nikaisoma kwa sauti. “Baba, haiwezekani. Hesabu zinakataa.”

“Basi,” akasema, “hesabu zina haki.” Akamaliza chai yake.

Tangu siku hiyo hakusimulia tena. Mtu aliyekuwa akitupandisha na kutushusha barabara ile kila tukila, tangu nikiwa mtoto katika kambi ya wakimbizi Tanzania nilikozaliwa, sasa alikuwa anakula, anashukuru, anakwenda kulala mapema kwa sababu ya zamu ya ghala. Mama akaniambia nimwombe msamaha. Nilimjibu kwamba msamaha unakuja baada ya uchunguzi. Ndiyo, nilisema maneno hayo, kwa mama yangu, mwenye mwiko mkononi.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nikipanda mlima wa kweli na mzigo wa kweli, bila kushika chochote, nitasimama ukumbini mbele ya wote na kukiri kwamba Baba alisema kweli. Nikishindwa, nilikuwa na haki.

Columbus. Mazoezi nilifanyia huko nilikokuwa nafanya kazi. Tatizo la Columbus ni kwamba ni tambarare kama meza. Mlima mrefu kuliko yote niliouona ulikuwa daraja linalovuka barabara kuu upande wa Hilliard. Nilipanda daraja hilo mara thelathini jioni moja, mpaka dereva mmoja akasimama kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Siku ya kwanza, Toulouse hadi Arreau. Tulishuka ndege watu wanne, mimi na wenzangu watatu wa klabu, tukapakia maboksi kwenye gari la kukodi na kuelekea kusini. Kwa saa nzima milima ilikuwa mawingu tu kwenye upeo wa macho. Kisha mawingu yakawa na theluji juu yake, nami nikafunga dirisha kana kwamba hilo lingesaidia.

Mwenyeji wetu Arreau alikuwa Madame Odette, mjane wa miaka sabini hivi, mfupi, mwenye nyumba ya mawe na mbwa asiyependa mtu. Kifaransa changu cha shule ya kambini kilimfurahisha. “Unaongea kama mwalimu wa zamani,” alisema. “Aliyekufundisha alikuwa na fimbo?” Nikamwambia alikuwa nayo.

Siku ya pili, Aspin. Tulianza na kilele cha Aspin, kilomita kumi na mbili kutoka kijijini, kwa baiskeli zetu nyepesi. Kila kilomita kuna kibao cha waendesha baiskeli: umebakiza umbali gani, na kilomita inayofuata imeinuka kiasi gani. Mtu mwenye kudai ushahidi angeshukuru. Mimi kufikia kibao cha saba nilivichukia kama barua za kodi. Mvulana wa miaka kumi hivi alinipita na baba yake, wakijadili chakula cha mchana. Niliwakuta ng’ombe kileleni wamelala katikati ya barabara. Mmoja alinitazama kwa muda mrefu, na nilielewa kwamba na yeye anauliza swali la Baba.

Jioni nilimweleza Madame Odette habari yote: gunia, karatasi ya kanisa, ukimya. Alisikiliza huku akimenya vitunguu.

“Kwa hiyo umevuka bahari ili umshinde baba yako.”

“Nataka kujua ukweli.”

“Hujamuuliza?”

“Nimepiga hesabu.”

Alinitazama kwa upole wa kuudhi, kisha akanipeleka kwenye banda. Mle kulikuwa na baiskeli ya marehemu mume wake: chuma kitupu, gia tatu, keria pana nyuma. “Kama unataka kupima, pima vizuri. Kaka yangu Firmin yuko juu Hourquette na kondoo wake mpaka vuli. Mpelekee viazi.”

Siku ya tatu, njia ya Hourquette. Gunia la Baba lilikuwa la kilo hamsini. Mimi nilijipunguzia, nikachukua ishirini. Kamba hazikutosha, kwa hiyo nilifanya kama tulivyofanya kambini: nikachukua mpira wa ndani wa tairi, nikaukata vipande virefu, nikafunga mzigo mpaka ukakaza kama ngoma. Wenzangu wa klabu walisogea kutazama.

“Huo si mpira wako wa akiba?” mmoja akauliza.

Ulikuwa wa akiba. Ulikuwa mpya kabisa.

Barabara ya Hourquette ni nyembamba, inaanza msituni kwenye kivuli na harufu ya maji, halafu miti inakwisha ghafla, linabaki jua na bonde. Kilomita ya kwanza niliimba. Ya pili nikaacha. Kufikia ya tatu viazi vilikuwa vinanivuta kurudi nyumbani kwa Madame Odette. Waendesha baiskeli walionipita waliuliza swali moja, kila mmoja kwa lugha yake: unavipeleka wapi? “Juu!” nilijibu. “Juu kwa nani?” aliuliza mzee mmoja Mhispania, akageuka kabisa kwenye kiti chake kusubiri jibu. “Kwa Firmin!” Akaridhika, akanyanyua kidole gumba, akanipotea kwenye kona.

Kilomita ya sita kibao kilisema mwinuko ni asilimia kumi. Miguu ilisema zaidi. Nilikuwa naenda polepole kiasi kwamba nzi alitua kwenye goti langu, akapumzika. Ndipo nikasikia lori dogo la kondoo likipanda nyuma yangu, likinguruma kwa gia ya kwanza. Likaanza kunipita kwa kushoto.

Ningependa kuandika kwamba nilipambana na nafsi. Sikupambana. Mkono wa kushoto uliondoka wenyewe kwenye usukani, ukashika chuma cha nyuma cha lori, na baiskeli ikaanza kwenda. Malisho, mawe, vibao, vyote vikapita. Kondoo mmoja alitoa pua kwenye tundu, akanipumulia usoni.

Dereva aliniona kwenye kioo, akatoa kichwa. “Dada! Kondoo wana kibali cha kupanda mlima huu. Wewe unacho?”

“Napeleka viazi kwa Firmin!”

“Aa, kwa Firmin! Bon, shika vizuri basi, kona inakuja.”

Kona ilikuja. Upande wangu wa kulia ulikuwa bonde, na gurudumu langu la mbele lilikuwa upana wa dole gumba tu kutoka kwenye ukingo. Nilitazama chini mara moja tu.

Juu, Firmin alipokea viazi kama mtu anayepokea gazeti la jana. “Odette ameshindwa kuja? Kila Alhamisi huniletea vitu kwa gari.” Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alinipa kipande cha jibini nimpelekee dada yake, na hivyo ndivyo nilivyopata mzigo wa kurudi. Kwenye kushuka tairi la mbele lilipasuka. Mpira wa akiba nilikuwa nao, katika vipande sita. Nilitembea mpaka kijijini nikisukuma.

Siku nne zilizobaki tulizunguka vilele vingine, vizuri vyote. Sikumbuki majina.

Buffalo, Jumapili ya kwanza baada ya kurudi. Nilisimama ukumbini baada ya chai na kutoa ripoti kamili, pamoja na nzi. Watu walicheka mpaka Mzee Bonifasi akashika ukuta.

“Mkono mmoja!” alipiga kelele. “Na muhogo je?”

“Sikuwa nao, Mzee.”

“Basi hujafuzu!”

Mdogo wangu, aliyezaliwa Amerika, alitaka kujua kwa Kiingereza kama kondoo alikuwa mzuri.

Kisha nikafikia hitimisho langu. “Kwa hiyo nimejaribu, kwa kilo ishirini tu, na gia tatu. Mtu hawezi. Lazima ashike.” Nilisema nikimtazama Baba, si kwa ubaya. Nilidhani namfungulia mlango: acheke, akubali, arudi kutusimulia.

Baba hakucheka. “Ulishika kwa mkono gani?”

“Wa kushoto.”

“Kwa hiyo ulikuwa upande wa kulia. Huko kulikuwa na mlima au bonde?”

“Bonde.”

Aliweka kikombe mezani. “Usirudie, mwanangu.” Akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona ameinama kwenye baiskeli yangu niliyokuja nayo, akibonyeza breki, ya mbele, ya nyuma, tena ya mbele.

Niliondoka na somo nililojiandikia mwenyewe: kwamba wazee hutia chumvi, na kwamba hakuna ubaya. Nililiona somo la mtu aliyekomaa.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa Louisville kwa harusi ya binamu, jikoni kwa Shangazi Daforoza, dada yake Baba, tukimenya viazi vya watu mia. Nikamchekesha kwa habari za Hourquette. Alicheka mpaka nilipofika kwenye lori, kisha kisu chake kikasimama.

“Baba yako hakukuambia habari za Lazaro?”

Nilijua tu kwamba walikuwa na mdogo wao wa jina hilo, na kwamba alifariki kabla sijazaliwa.

“Ilikuwa siku yao ya kwanza ya kazi, wote wawili,” Shangazi alisema. “Lori lilipopita, vijana walikuwa wamelijaza kwa nyuma, imebaki nafasi ya mkono mmoja, upande wa bonde. Baba yako akamwachia Lazaro. Yeye akapanda nyuma yao kwa miguu yake. Lazaro hakufika juu. Tangu siku hiyo mpaka tunakimbia nchi, baba yako alipanda hivyo.”