Avenyi ya Makayabu

Ko… sss. Ko… sss. Hadi leo nausikia mlio ule: fimbo ikigonga saruji mpya, kisha mguu mgonjwa ukiburutwa nyuma yake. Ndivyo koko alivyoingia kwenye zahanati yetu ya bure hapa Kasongo. Koko ni bibi. Hakuwa bibi yangu, lakini aliyekimbia vita kule Wamaza bila ndugu hata mmoja huwa bibi wa kila mtu.

Zahanati ilikuwa ya watu wasio na nyumba: chumba kimoja na baraza, na wagonjwa wakilala barazani. Tuliposikia itapanuliwa, nilifurahi kuliko wote. Shule sikuimaliza, nilipewa kazi ya kujaza fishi, kadi za wagonjwa, kwa sababu ya mwandiko wangu tu, lakini kichwani nilishaona vyumba kumi, mapazia, na mimi ndani ya blauzi nyeupe ya muuguzi. Ikapanuliwa kweli. Wakajenga chumba cha pili pale pale barazani. Yaani, ili tupokee watu wengi zaidi wasio na pa kulala, tukawafukuza waliokuwa napo.

Koko, aliyekuwa akilala barazani, akahamia sokoni, akawa analala juu ya meza ya muuza makayabu. Alikuja kufungwa kidonda akinuka samaki wa chumvi.

Chumba kipya kilikuja na fishi mpya, na fishi mpya ilidai avenyi, yaani jina la barabara, na namba ya nyumba.

“Koko, munalala avenyi gani?”

“Avenyi ya Makayabu. Uingie tu bila hodi, mulango haiko.”

Benchi zima likacheka. Muuguzi mkuu, mama mmoja aliyetoka Kabambare mwezi ule ule, hakucheka.

“Bila adresi hatibiwi.”

“Lakini mama,” nikasema, “ni nyinyi wenyewe mulisema, kidonda kisipofungwa kila siku mguu utakatwa.”

“Nilisema. Na fishi nayo inasema.”

“Basi mutibu fishi,” koko akasema. “Nayo iko na kidonda?”

Nikainama nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: Avenyi ya Makayabu, namba 7. Muuguzi mkuu akaisoma polepole.

“Hii avenyi iko wapi?”

“Kule sokoni, mama.” Na hapo sikudanganya.

Akapiga muhuri. Akamsafisha koko kidonda kwa mikono laini kuliko maneno yake, akamfunga, akamwambia arudi kesho. Koko alipotoka, akanigeukia.

“Kesho asubuhi nitatuma mutu aende kuona hiyo namba. Asipoiona, fishi ninapasua.”

Alasiri mvua ilipiga, na wauzaji wakakimbilia chini ya mabati ya maduka. Mvua ilipopungua nilipita nyuma ya zahanati, nikachukua kopo la rangi ya buluu iliyobaki kwenye upanuzi wetu mkubwa, nikaenda sokoni peke yangu. Brashi sikuwa nayo. Nilifuta mguu wa ile meza ya makayabu kwa ncha ya kitenge changu, nikachovya kidole, nikachora 7, kubwa, yenye mkia. Halafu nikachuchumaa kwenye matope, nikaipuliza hadi ikakauka.