Dramu Niliyoikanza Moto

Sebule yangu siku hizi haina pa kupita. Ukiingia mlangoni, kushoto kuna kochi, kulia kuna friji ambalo jikoni halikuenea, na katikati, ndugu yangu, kuna dramu. Seti nzima: ile kubwa ya kupigwa kwa mguu, mbili zimekaa juu yake, moja imesimama pembeni, ile ndogo yenye waya chini inayolia kwa ukali, na matoazi mawili yaliyoingia rangi ya chai. Kwa umri zinanishinda miye. Mume wangu hupita upande upande na sahani yake mkononi, akanitazama. Na mimi, nnakwambia ukweli, kila nikiziona pale roho yangu nyeupe. Kaa nikuhadithie, maana dramu hizi nilizikimbia karibu miaka arubaini.

Aliyezileta ndani ni kitindamimba wangu, binti wa miaka kumi. Siku moja tulikwenda Forodhani, tukakuta vijana wanapiga muziki, mtoto akaganda mbele ya mpiga dramu mpaka urojo ukampoa mkononi. Tangu siku ile sufuria zangu hazikupumzika. Nikampeleka kwa mwalimu wa muziki mjini, na baada ya miezi michache mwalimu akaniambia mtoto ana mkono, sasa anahitaji dramu za kufanyia mazoezi nyumbani. Hizi mpya za rahisi hazidumu, alisema. Tafuta za zamani, mbao zake nzito, lakini ziwe ndogo, mtoto akikaa mguu ufike kwenye pedeli. Zibiringishe sakafuni uone kama hazijapinda. Jaribu skrubu zote zinazunguka, maana hewa ya bahari hula chuma. Ngozi ikiwa mbovu si neno, ngozi hubadilishwa.

"Na seti kama hiyo ipo," akasema. "Jang'ombe, kwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga harusini. Sasa anatengeneza mapangaboi." Akanitajia uchochoro.

Uchochoro huo ndio nilikolelewa.

"Acha nitazame na kwengine kwanza," nikasema.

Na kweli nikatazama! Nikakodi gari nikampeleka mtoto mpaka Nungwi, kwenye hoteli iliyokuwa ikiuza vyombo vya bendi yake. Dramu nyekundu, zinang'ara, kubwa za kutisha. Mtoto akakaa nyuma yake, nikawa naona ushungi tu.

"Hizi ndizo!" nikasema.

"Mama, siifikii pedeli."

"Utakua."

"Lini?"

Tulirudi mikono mitupu, na njia nzima mtoto alinipa kisogo, anatazama dirishani. Alikuwa na haki yake. Mama mtu mzima alikuwa tayari kumnunulia mtoto kitu kisichomfaa kwa sababu anaogopa mlango mmoja wa Jang'ombe.

Sasa nikwambie nilichokiogopa.

Nimelelewa na bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Bibi alikuwa mpiga ngoma. Harusi za mtaa mzima, wanawake wakikutana, ngoma yake ndiyo iliyowakusanya. Mchana alikuwa mtu wa kawaida, anakuna nazi, anapika muhogo wa nazi na papa, anagombana na paka. Lakini ikifika siku ya harusi huniita uani, "We mtoto!" nami "Naam!", nikajua kazi imefika. Kazi yangu ilikuwa makumbi. Nilikusanya makumbi ya nazi makavu, nikawasha moto, nikaupuliza mpaka macho yakatoka machozi, kisha tukazikanza ngoma. Ngozi ya mbuzi wakati wa masika hunyonya unyevu ikalegea, ukiigonga inasema bu, bu, kama mtu mwenye mafua. Unaisogeza motoni, unaizungusha, unaigonga kwa vidole, unaisikiliza. Ikijikaza sauti hupanda. Ukizidisha, umeiunguza. Nilipofika miaka tisa nilikuwa naijua kazi hiyo barabara, na bibi akijisifu kwa mashoga zake kwamba mtoto huyu ana sikio. Mimi nikivimba kichwa kweli kweli.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa jirani, kijana bado, mpiga dramu wa bendi. Dramu zake alizipanga chumba cha mbele. Nikitoka chuoni, na msahafu kifuani, nilikuwa napita kwake, nakaa kwenye kizingiti, namtazama akifanya mazoezi. Mke wake akinipa kitumbua. Nilimwomba anifundishe, naye hakucheka kama walivyocheka wengine, eti mtoto wa kike na dramu. Alinipa vijiti nikagonga mara nne, akasema, "Mkono upo. Masika yakipita tutaanza." Nilirudi nyumbani narukaruka.

Basi masika yale yale, siku moja ya harusi, bendi yake ilikuwa imealikwa kupiga baada ya alasiri. Nilikuwepo kizingitini. Aliigonga ile dramu ndogo, akakunja uso. "Leo hii imelala," akasema. "Mvua hizi." Akaiacha, akenda msikitini kusali adhuhuri. Mkewe alikuwa keshatangulia harusini kusaidia kupika.

Imelala! Neno la bibi lile lile. Nami si ndiye bingwa wa kuziamsha? Nikajiona nimepata bahati ya kumwonesha kwamba nnastahiki kufundishwa. Nikaichukua dramu, nikaipeleka uani kwake, nikawasha makumbi, nikaiinamisha.

Jamani. Ile ngozi ilikuwa plastiki.

Nani angeniambia? Nyeupe, imewambwa, inalia: kwangu mimi ni ngozi. Ngozi ya mbuzi ukiikanza hukupa habari zake pole pole. Hii haikunipa habari yoyote. Ilijikunja mawimbi, ikatoa moshi mweusi wenye harufu chungu, kisha ikafunguka tundu la ukubwa wa kisahani cha chai. Nikaipuliza, nikaimwagia maji. Lahaula, kama maji yangeirudisha. Nikaibeba mpaka ndani, nikaifunika kanga ya mkewe, nikakimbia. Nikajificha chini ya kitanda cha bibi, nikakaa humo mpaka nikapitiwa na usingizi. Harusi sikwenda. Nilisikia vigelegele kwa mbali, na kila kimoja kilinichoma.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Bibi alinipa chakula changu, akaniambia nikaoge. Na baada ya siku ile, jirani hakupiga tena. Wiki zikapita, mwezi, dramu zimefunikwa shuka. Nikapiga hesabu zangu za kitoto, jawabu likatoka moja: nimemmaliza. Tangu hapo nikitoka chuoni nilipita njia ya nyuma, kwenye jaa, kusudi nisikutane naye nikalazimika kumwamkia. Nikakua, nikaolewa, nikahamia mtaa mwengine, na hata bibi alipofariki nilikaa kwa wanawake ndani siku zote tatu, nikijua yeye yuko nje na wanaume. Ngoma nayo sikuigusa tena.

Basi baada ya safari ile ya Nungwi mtoto akaniambia, "Mama, twende tu Jang'ombe." Nikajifunga kibwebwe, tukenda.

Tulimkuta mlangoni, mzee wa kofia na miwani, pangaboi limefumuliwa mbele yake. "Shikamoo, ami," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Karibuni ndani." Akanitazama kidogo tu, akatupeleka chumba cha mbele, akavuta shuka.

Mtoto akaanza kazi yake kama alivyoagizwa. Akakaa, mguu ukafika kwenye pedeli kama zimetengenezwa kwa ajili yake. Akabiringisha dramu moja baada ya moja, hazikuyumba. Akajaribu skrubu, mbili zilikuwa na kutu, mzee akatia tone la mafuta, zikazunguka. Kisha akainua ile ndogo, akaigeuza.

"Mama, hapa kwenye mbao pameungua."

"Ilipita motoni zamani hiyo," mzee akasema, akifuta bisibisi yake kwa kitambaa.

Ningeweza kunyamaza. Ningechukua dramu, nikashukuru, nikaondoka zangu, na mtoto angekuwa na chake. Lakini nilimwona binti yangu anapapasa pale palipoungua kwa kidole. "Ami," nikasema, "ni miye niliyeiunguza. Siku ile ya harusi. Niliikanza. Nilidhani ni ngozi."

"Nnajua ni wewe."

"Unajua?"

"Angekuwa nani mwengine? Masizi ya vidole vyako yalijaa kwenye mbao, kwenye kanga ya mke wangu, mpaka kwenye mlango wangu! Polisi mwenyewe asingepewa ushahidi kama ule." Akaanza kucheka, mabega yakamtikisika. "Na unadhani miye yangu ya kwanza niliifanyaje? Niliikanza vile vile. Sisi tuliotoka kwenye ngoma za mbuzi tukaingia kwenye plastiki, kila mmoja wetu kaunguza yake. Mwenzangu mmoja aliunguza mbili."

Nikamuuliza harusi ilikuwaje. "Ilifana!" akasema. "Nilipotoka msikitini nikamkuta bibi yako mlangoni na ngoma yake kwapani. Alikusikia unalia chini ya kitanda, akafuata masizi yako mpaka kwangu kuona umefanya nini. Akaniambia, mtoto wangu kakuharibia, chukua hii, na usimguse. Nikaipachika kwenye stendi, nikaipiga kwa vijiti. Wanawake siku ile walicheza mpaka kungwi akapoteza kiatu."

"Lakini uliacha kupiga, ami. Baada ya siku ile."

"Bendi ilivunjika! Mwimbaji alikwenda zake Arabuni, mpiga gitaa akamfuata mke Pemba. Ningepiga na nani, na paka?" Akanitazama juu ya miwani. "Ulidhani ni kwa ajili yako? Lo! Una makuu wewe."

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikawa nafanya yote mawili, na binti yangu ananiangalia kama nimepandwa na shetani. Nikamuuliza mbona miaka yote hakuniambia.

"Nilikungoja uje," akasema. "Kila nikikuona unakata kona. Nikamwambia mke wangu, mwache, ana haya, yatamwisha." Akapuliza vumbi kwenye toazi. "Mwenyewe kafa bado anakuuliza."

Hapo kicheko kilinikatika. Yule mama wa vitumbua kafa ananiuliza, na mimi nilikuwa mitaa mitatu tu kutoka hapo. Nilitoka nje kidogo nivute pumzi. Uani kwa bibi sasa pana nyumba ya ghorofa, na ngoma za harusi zinatoka kwenye spika. Makumbi yanatupwa na takataka nyengine. Hayo sikuyalilia sana, dunia inakwenda. Nililia kwamba bibi aliijua siri yangu, akainyamazia kwa kunihurumia, nami nikamnyamazia kwa kumwogopa, tukaishi nyumba moja hivyo mpaka akaondoka. Nilikuwa na watu watatu waliokuwa wameshanisamehe kabla sijaamka chini ya kitanda. Kabakia mmoja, na alhamdulillahi nilimwahi.

Tulipakia dramu kwenye gari. Mzee akamwonesha mtoto namna ya kukaza ngozi kwa ufunguo, skrubu moja moja kwa zamu, upande huu na upande wa pili. "Na moto?" mtoto akamuuliza. "Moto muulize mama yako," akasema.

Ulipofika wakati wa kuaga nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Binti akanivuta kanga. "Mama, si ushamwamkia tulipokuja?"

"Nnajua," nikamwambia. "Hizi ni za siku nilizopita jaani." Nikamwamkia tena, na yeye, amesimama na kofia yake mkononi, akaniitikia zote.